Bustani ya Nane Nane inavutia macho, itafikaje kwenye sahani ya mtoto?

Njombe/Makambako. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Agosti, safari za kutoka Njombe kupitia Makambako kwenda Mbeya huwa na abiria wa aina yake. Wapo wakulima, wanafunzi na wazazi waliobeba watoto mgongoni. Wengi wao wanakwenda sehemu moja: viwanja vya John Mwakangale, yanakofanyika maonesho ya wakulima Nane Nane kwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

Ndani ya viwanja hivyo, kinachowavuta wengi ni vipando. Haya ni maeneo ambayo kila halmashauri, taasisi au kampuni hupanda mazao yake miezi kadhaa kabla, ili mgeni akifika ayaone yakiwa shambani badala ya kuyaona kwenye picha. Kabichi zimefunga vizuri, karoti zimejipanga mstari, maua yamezunguka njia. Watu husimama na kupiga picha.

Swali ambalo halijibiwi na picha ni hili: mama aliyetoka Makambako na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, akirudi nyumbani Agosti 9, atakuwa amebeba nini cha kumsaidia mtoto huyo?

Kwa Mkoa wa Njombe swali hili lina uzito, na ndilo linalofanya kazi ya kubuni bustani ya maonesho iwe ngumu kuliko inavyoonekana.

Mkoa wenye chakula, watoto wenye udumavu

Njombe ni miongoni mwa mikoa inayoitwa ghala la chakula la Taifa. Huko hulimwa mahindi, viazi mviringo, maharage, chai na parachichi. Mjini Makambako, njia panda ya barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya kwenda Njombe na Songea, yapo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA).

Pamoja na hayo yote, Utafiti wa Afya ya Uzazi, Mtoto na Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Maana yake ni kwamba kati ya watoto wawili, mmoja ni mfupi kuliko anavyotakiwa kuwa kwa umri wake. Wastani wa Taifa katika utafiti huo ulikuwa asilimia 30. Mkoa jirani wa Iringa uliongoza kwa asilimia 56.9.

Mwaka 2018, utafiti wa hali ya lishe uliiweka Njombe kwenye asilimia 53.6. Kiwango kimeshuka, lakini kwa kasi ndogo.

Tatizo hapa kwa sehemu kubwa haliko kwenye shibe. Mtoto anaweza kushiba ugali na viazi kila siku na bado mwili wake ukakosa protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A. Maradhi ya mara kwa mara, hasa kuhara, huongeza tatizo. Vivyo hivyo mzigo wa kazi wa mama, anayekwenda shamba la mbali asubuhi na kurudi jioni, huku mtoto akibaki na kaka au dada yake na bakuli la uji uliopoa.

Ndiyo maana bustani ya mboga karibu na jiko imekuwa ikihimizwa na maofisa lishe na maofisa ugani. Na ndiyo maana kipando cha Nane Nane, kinachotazamwa na maelfu ya wazazi kwa siku chache, ni nafasi ambayo haifai kupotea kwenye uzuri peke yake.

Kuhesabu siku kurudi nyuma

Changamoto ya kwanza ya anayebuni bustani ya maonesho ni kalenda. Mkulima wa kawaida hupanda mvua inaponyesha na kuvuna zao likikomaa. Mwenye kipando hana uhuru huo. Siku yake imeshapangwa: Agosti 1 hadi 8. Zao likikomaa wiki mbili kabla litakuwa limezeeka, likichelewa wiki mbili wageni wataona majani tu.

Kwa hiyo hesabu hufanywa kurudi nyuma. Karoti huhitaji miezi mitatu hadi minne, hivyo mbegu inapaswa kuwa ardhini kufikia katikati ya Aprili. Kabichi huanza kitaluni kwa mwezi mmoja hivi, kisha hukaa shambani miezi mitatu au zaidi, hivyo kitalu kinatakiwa kuwa tayari mwishoni mwa Machi. Sukumawiki huanza kuchumwa wiki sita hadi nane baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni.

Mchicha ndio unaowasumbua wengi. Kwenye joto huwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne, lakini kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Ukipandwa mapema mno, hutoa maua na mbegu kabla ya siku ya kwanza ya maonesho. Njia salama ni kuupanda kwa awamu, tuta moja mwishoni mwa Juni, la pili baada ya wiki moja, la tatu baada ya wiki nyingine, ili kila siku ya maonesho liwepo tuta lililo kwenye ubora wake.

Kalenda hii ina somo kwa mzazi. Familia nyingi hupanda mchicha wote kwa siku moja, zikala mboga wiki mbili mfululizo hadi watoto wakachoka, kisha bustani ikabaki tupu mwezi mzima. Kupanda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili ndiko kunakofanya sahani isikose kijani.

Baridi, upepo na maji

Changamoto ya pili ni hali ya hewa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo mboga za Nane Nane zinatakiwa kukua kwa kasi, ndiyo miezi ya baridi kali. Alfajiri nyingine nyasi huamka zikiwa nyeupe kwa barafu nyembamba, ambayo wataalamu wa kilimo huiita sakitu. Nyanya, maboga na maharage machanga huungua majani kana kwamba yamepitiwa na moto.

Makambako iko chini kidogo, lakini ina upepo unaokausha udongo na kulaza miche. Mbeya nako kuna hali yake. Kwa hiyo mche uliooteshwa Njombe na kupakiwa kwenye gari kwa safari ya zaidi ya kilomita 200 unahitaji siku za kuzoea kabla haujaanza kukua tena. Siku hizo nazo lazima ziingie kwenye hesabu.

Mbunifu makini huchagua mazao yanayostahimili. Njegere, karoti, kabichi, figiri, chainizi, spinachi na sukumawiki hupenda ubaridi. Vitalu hufunikwa kwa kichanja cha nyasi usiku na kufunuliwa jua likitoka. Upande unakotoka upepo hupandwa mstari wa mimea mirefu ya kuukinga.

Kisha kuna maji. Mvua za ukanda huu huanza Novemba na kuisha kati ya Aprili na Mei. Kipando chochote kinachoonekana kibichi Agosti kimemwagiliwa kwa miezi miwili au mitatu mfululizo.

Hapa ndipo bustani ya maonesho inaweza kumdanganya mzazi bila kukusudia. Anaona matuta kumi yaliyostawi, haoni mpira wa maji na vibarua waliokuwa wakimwagilia asubuhi na jioni. Akifika nyumbani, ambako maji yanachotwa kwa ndoo, anajaribu, mboga zinakauka, anahitimisha kuwa bustani ni kazi ya serikali na wenye fedha.

Kipando kinachomheshimu mzazi huyo huonyesha pia njia ya kubana maji: bustani ya gunia lenye bomba la mawe katikati, tuta lililotandazwa nyasi kavu ili unyevu usitoke, shimo la taka za jikoni katikati ya tuta la mviringo, na matumizi ya maji yaliyosuuzia mboga na nafaka. Pembeni huwekwa ndoo halisi, ili mgeni aone kwa macho ni ndoo ngapi zinatumika kwa siku.

Kishawishi cha kabichi kubwa

Changamoto ya tatu ni ushindani. Nane Nane ina washindi na vikombe, na kila halmashauri hutaka kurudi na tuzo. Katika mazingira hayo ni rahisi bustani kugeuka shindano la ukubwa: boga lisilobebeka, kabichi inayojaza karai, mahindi marefu kuliko mtu.

Vitu hivyo vina nafasi yake katika kuonyesha mbegu bora. Lakini kabichi, pamoja na uzuri wake, haina vitamini A nyingi kama mchicha, mnafu, majani ya maboga au sukumawiki. Mboga hizi za kijani kilichokoza, ambazo bibi wengi wa Njombe wanazijua tangu utotoni, mara nyingi huwekwa pembeni ya kipando au hazipandwi kabisa kwa sababu hazina mvuto kwenye picha.

Mwongozo wa chakula na ulaji wa Tanzania wa mwaka 2023 unataja makundi sita ya vyakula: nafaka, mizizi na ndizi, mboga, matunda, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, na mafuta yenye afya. Mbunifu anaweza kuyatumia makundi haya kama ramani ya kipando chake. Badala ya kupanga matuta kwa aina ya kampuni ya mbegu, anayapanga kwa namna yanavyokutana kwenye sahani.

Kona ya kwanza ni viazi na mahindi, ambavyo familia tayari inavyo. Inayofuata ni mboga za majani. Ya tatu ni karoti, maboga na viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, vilivyojaa vitamini A. Ya nne ni maharage na njegere. Kisha banda dogo la kuku wa mayai, na mwisho mti wa parachichi, ambao unahesabika kama tunda na pia unampa mtoto mafuta yenye afya.

Mzazi akipita njia hiyo moja, anatoka akiwa amesoma somo zima la lishe bila kukaa darasani.

Maua yana kazi yake

Wapo wanaoona kuwa bustani ya lishe haina haja ya maua. Wenye uzoefu wa maonesho huona tofauti. Mgeni husimama kwanza palipopendeza, na asiposimama hatasoma kibao chochote. Maua huvuta pia nyuki, ambao bila wao maboga hayazai vizuri. Baadhi, kama marigodi, husaidia kupunguza minyoo fundo inayoshambulia mizizi ya mboga.

Kilicho muhimu ni maua yasichukue nafasi ya chakula. Mstari mmoja pembezoni mwa njia unatosha.

Njia zenyewe nazo hazitakiwi kusahaulika. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo na kijana kwenye kiti cha magurudumu wote wanatakiwa kupita bila kukanyaga matuta. Watoto wanapenda kugusa na kuchuma, hivyo kipando kilichopuliziwa dawa kinapaswa kuwa na tangazo kubwa. Kila dawa ya wadudu ina siku za kusubiri kabla ya mboga kuliwa. Mzazi asimruhusu mtoto kuonja jani kwenye maonesho kabla ya kuuliza.

Kibao kinachojibu maswali ya jikoni

Vibao vya Nane Nane mara nyingi huandika jina la zao, aina ya mbegu na mavuno kwa ekari. Taarifa hizo ni za mkulima wa biashara. Mzazi mwenye uwanja wa hatua tano kwa nne anauliza mengine: Mbegu hii nitaipata wapi na kwa shilingi ngapi? Nitaanza kula baada ya siku ngapi? Mtoto wa miezi saba anaweza kuila? Naipikaje isipoteze vitamini?

Majibu si mageni kwa wataalamu wa lishe. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi na kuwekwa mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uichukue. Kipande cha chungwa, pera au nyanya pamoja na maharage husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake, hivyo katika mkoa unaolima chai ni vizuri kukumbuka kuwa kikombe cha chai pamoja na chakula si kinywaji cha mtoto mdogo.

Na parachichi. Mashamba ya Njombe yamepanuka kwa sababu ya soko la nje, na matunda yake husafirishwa hadi Ulaya na Asia. Yale yaliyokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya ukubwa au alama ya ganda hayana kasoro yoyote kwa mtoto. Parachichi lililopondwa kwa kijiko ni miongoni mwa vyakula rahisi kabisa kumwanzishia mtoto aliyetimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya.

London nako wanahangaika

Ugumu wa kubuni bustani kwa ajili ya siku chache hauko Njombe peke yake. Jijini London, maonesho ya maua ya Chelsea yamekuwa yakifanyika tangu 1913. Wabunifu wa huko hukabiliana na swali lilelile la kalenda: mimea yote inatakiwa kuchanua wiki moja ya Mei. Mingine hupashwa joto kwenye nyumba za kioo ili iwahi, mingine huwekwa kwenye baridi ili ichelewe. Maonesho yakiisha, bustani zilizogharimu fedha nyingi hubomolewa.

Miaka ya karibuni wabunifu wengi wa huko wamekuwa wakitakiwa kueleza bustani itakwenda wapi baada ya maonesho, na baadhi zimehamishiwa shuleni, hospitalini na kwenye vituo vya jamii. Mbunifu anayejua hilo tangu mwanzo huchora tofauti, kwani anafikiria watakaoishi na bustani hiyo pamoja na majaji watakaopita.

Nyanda za Juu Kusini zinaweza kujiuliza swali hilohilo kwa gharama ndogo. Kipando hakiwezi kubebwa kwenye gari, lakini mpango wake unaweza. Mchoro wa bustani ileile ya Mbeya unaweza kupandwa tena kwenye uwanja wa zahanati, shule ya msingi au ofisi ya kijiji, mahali ambapo wazazi hukutana katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila baada ya miezi mitatu. Pale mama ataona tuta likiwa limestawi, likiwa limeshambuliwa na wadudu na likiwa limepandwa upya. Atajifunza pia kwa makosa, jambo ambalo bustani ya wiki moja haimwonyeshi.

Bustani peke yake haitoshi

Ni vyema kusema wazi: mboga nyuma ya nyumba hazitamaliza udumavu peke yake. Bustani huongeza aina za vyakula mezani, hasa inapoambatana na elimu ya lishe. Lakini siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, zinahitaji mengine pia: mjamzito kuhudhuria kliniki mapema na kumeza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, mtoto kunyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi sita, maji safi, choo bora, kunawa mikono kwa sabuni, na kupimwa urefu pamoja na uzito kliniki.

Baba naye ana nafasi. Mara nyingi fedha za viazi, miti na parachichi hupita mkononi mwake. Uzio wa kuzuia mbuzi, pampu ya maji, mbegu na kuku wawili watatu ni maamuzi yanayomhusu. Bustani inayoachwa kuwa mzigo mwingine wa mama, juu ya shamba, kuni na maji, inaweza kumwondolea muda wa kumlisha mtoto aliyekusudiwa kusaidiwa nayo.

Mzazi anayepanga kwenda Mbeya Agosti ijayo, au anayeishia kutazama maonesho kwenye simu, anaweza kuanza na mambo machache:

• Chagua mboga tatu tu kwa kuanzia: moja ya majani ya kijani kilichokoza, moja ya rangi ya chungwa na moja ya jamii ya kunde.

• Weka tuta karibu na jiko, mahali unapopita mara nyingi kwa siku. Bustani ya mbali husahaulika.

• Tumia samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mimea na hubeba vimelea vya kuhara.

• Panda mchicha kidogo kila baada ya wiki mbili.

• Funika miche kwa nyasi usiku wa Juni na Julai.

• Ukiwa kwenye kipando, uliza maswali matatu: inatumia ndoo ngapi za maji kwa siku, itakuwa tayari lini, na mtoto wangu ataila kuanzia umri gani.

Mwaka 2022 na 2023 viwanja vya John Mwakangale vilikuwa mwenyeji wa Nane Nane kitaifa, na macho ya nchi nzima yalikuwa Mbeya. Kwa familia ya Njombe au Makambako, kipimo cha bustani ile kiko karibu zaidi, kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwenye mstari wa urefu ambao wazazi wengi huuruka wakatazama uzito peke yake. Mzazi akienda kliniki mwezi huu, aombe mtoto apimwe urefu pia, na aelezwe mstari huo unasema nini.